UZI: Victor Cruz msimu wa 2011, risiva wa sloti aliyeanzia benchi akavunja rekodi ya Giants

#1 Mbeba Yadi (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Septemba NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ikianza, ubishi wa nani risiva (mdakaji wa pasi) bora wa sloti unafufuka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na vijana wanataja Amon-Ra St. Brown na Cooper Kupp kana kwamba mchezo umeanza juzi. Sina ugomvi na hao. Kupp wa 2021 alidaka pasi 145 kwa yadi 1,947, hilo halina mjadala. Ila Kupp alikuwa anajulikana tayari. Mimi nataka tuongelee msimu ambao hata timu yenyewe haikuutarajia: Victor Cruz, New York Giants, mwaka 2011.

Msiofuatilia mpira wa Kimarekani msikimbie, nitafafanua njiani.

Cruz ni mtoto wa Paterson, New Jersey, mji ulio pua na mdomo na uwanja wa Giants. Mama ana asili ya Puerto Rico, baba Mmarekani mweusi, zimamoto. Alisoma Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambacho enzi hizo kilicheza daraja la pili la mpira wa vyuo, na alirudishwa nyumbani zaidi ya mara moja kwa sababu ya alama za darasani. Ikafika drafti ya 2010, ambapo timu za ligi huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Raundi saba, wachezaji 255 wakaitwa majina, lake halimo. Giants wakamchukua baadaye kama mchezaji asiyechaguliwa. Hawa wengi wao huitwa kambini kujaza idadi tu, Agosti ikiisha na wao wanafungasha.

Yeye hakufungasha, kwa sababu ya usiku mmoja. Mechi ya kirafiki ya kabla ya msimu, Agosti 2010, Giants na Jets. Cruz kavaa jezi namba 3, namba ambayo enzi hizo risiva hakupewa kama timu ilikuwa na mpango naye. Akadaka pasi sita, yadi 145, tachidauni (kufikisha mpira ndani ya eneo la goli) tatu. New Jersey nzima ikauliza huyu ni nani. Msimu wenyewe ulipoanza akacheza mechi tatu bila kudaka hata pasi moja, msuli wa nyuma ya paja ukamsumbua, wakamweka kwenye orodha ya majeruhi hadi mwisho. Watu wakasahau.

2011 wamiliki wa timu na wachezaji wakagombana kuhusu mkataba, milango ikafungwa mpaka Julai. Hakuna mazoezi rasmi wala kuonana na makocha. Kwotabeki (mrushaji wa pasi) Eli Manning akawa anawakusanya wenzake kwenye uwanja wa sekondari ya Hoboken, wanarushiana mpira wenyewe. Cruz alikuwemo. Hii ishikeni, tutairudia.

Milango ilipofunguliwa, risiva wa sloti wa Giants, Steve Smith, ambaye mwaka 2009 alidaka pasi 107, akahamia kwa mahasimu wao Philadelphia Eagles. Nafasi ikawa wazi. Giants walimpa Cruz? Wapi. Ligi imeanza, wiki ya kwanza wamefungwa na Washington, wakamleta mkongwe Brandon Stokley aje acheze sloti. Kisha wiki ya pili Domenik Hixon akaumia goti na Mario Manningham akagongwa kichwa. Wamebaki na nani? Na huyo kijana wa Paterson.

Tarehe 25 Septemba, Philadelphia. Eagles wamemnunua beki wa kona Nnamdi Asomugha kwa mkataba wa dola milioni 60 na kila mtu anasema ndiyo timu ya ubingwa. Cruz kadaka pasi fupi katikati, kamtoka beki wa kwanza, Asomugha kaja kamgusa kama anayemsalimia, jamaa kaondoka yadi 74. Baadaye mpira mrefu ukaja karibu na mstari wa goli, mabeki wawili wako naye, Asomugha mmojawapo. Cruz akaruka juu yao, yadi 28, tachidauni ya pili. Giants 29, Eagles 16. Hapo ndipo alipocheza salsa kwa mara ya kwanza, aliyofundishwa na bibi yake.

Msimu ukaisha ana pasi 82, yadi 1,536, tachidauni 9. Wa tatu kwa yadi ligi nzima, nyuma ya Calvin Johnson na Wes Welker. Rekodi ya Giants ya yadi kwa msimu ilikuwa ya Amani Toomer, 1,343, ya mwaka 2002. Aliipita na bado ana mechi moja mkononi. Odell Beckham na makeke yake yote aliishia 1,450 mwaka 2015.

Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea: yule bwana aligeuza sloti, sehemu ya kuokota yadi tano tano, ikawa mahali ambapo hatari kubwa zaidi ya timu inatokea. Na hakufanya hivyo kwa mbio.

Karibuni.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

#3 Msukuma wa Mjini

Mkuu, mimi huu mchezo wa kofia ngumu huwa naona watu wanarukiana tu halafu tangazo. Hiyo sloti ni kitu gani? Eleza kama unamweleza mtu wa Simba na Yanga.

#4 Mbeba Yadi

Swali zuri. Chukulia winga anayepangwa ndani badala ya kushika chaki ya pembeni.

Mpira unapoanza, kuna wale wakubwa watano wa mbele wanaomlinda kwotabeki. Mbali kabisa, karibu na mstari wa pembeni, anasimama risiva wa nje. Kati ya risiva wa nje na wale wakubwa kuna uwazi. Anayesimama kwenye uwazi huo, hatua moja nyuma ya mstari, ndiye risiva wa sloti.

Faida zake ni mbili. Ya kwanza, kwa kuwa yuko nyuma kidogo ya mstari, beki hawezi kumbana kifuani mara tu mpira unapoanza. Ya pili ndiyo kubwa: risiva wa nje ana mstari wa pembeni kama beki wa ziada dhidi yake, lakini wa sloti anaweza kwenda kulia au kushoto. Beki anayemkaba anabahatisha. Na beki huyo mara nyingi ni kona wa tatu wa timu, kwa sababu kona wawili bora wako nje. Wakati mwingine ni lainibeka mnene ambaye kazi yake aliyozoea ni kupambana na wakimbiaji.

Hasara: katikati kuna watu wengi na wote wanataka kukuvunja mbavu. Kwa hiyo jadi ya sloti ni watu wafupi, wepesi, wagumu, wanadaka pasi ya yadi sita na kuanguka haraka. Unaona timu inahitaji yadi nne kupata nafasi mpya ya kushambulia, mpira unaenda sloti. Kazi ya kibarua, muhimu lakini haina mbwembwe.

Sasa kocha wa mashambulizi wa Giants, Kevin Gilbride, alikuwa na mfumo wake. Kwake risiva haambiwi tu "kimbia yadi kumi, kata kulia". Anaambiwa: kimbia, soma mabeki, halafu amua. Ukiona sefti wawili, wale mabeki wa nyuma kabisa, wamegawana uwanja nusu kwa nusu, katikati yao pako wazi, pitia hapo. Ukiona sefti mmoja kasimama katikati, achana na katikati, kata nje. Beki wako akikaa upande wa ndani, wewe toka nje, akikaa nje, ingia ndani. Yote haya ndani ya sekunde mbili ukiwa kwenye mbio.

Na kwotabeki hasubiri aone umeamua nini. Naye anawasoma mabeki walewale na anaachia mpira kabla hujageuka. Mkiona kitu kimoja, mpira unakukuta mikononi huna mtu. Mkiona tofauti, mpira unaenda kwa adui na uwanja mzima unamzomea kwotabeki. Mwaka 2010 Manning alitupa mipira 25 kwa adui, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ya namna hii au iliyogonga mikono ya risiva wake.

Ndiyo maana nilisema shikeni ile ya Hoboken. Mfumo huo unajifunzwa kwa kurudia na mtu yuleyule anayekurushia. Mwaka ambao timu zote hazikuwa na mazoezi, kijana asiye na jina alipata muda na kwotabeki wake kwenye uwanja wa shule.

#5 Mchezo Hautaki Hasira

Asante kwa madini. Sasa ndiyo naelewa kwa nini wale jamaa wanaongea kwa mikono kabla ya kuanza.

#6 Boston Mswahili

Mbeba Yadi, uzi mtamu lakini umepita kwa Welker kama unapita kwa jirani usiyemdai. Mwaka huohuo wa 2011 Wes Welker wa Patriots alidaka pasi 122, yadi 1,569, tachidauni 9. Tachidauni sawa, yadi zaidi, pasi arobaini zaidi. Naye hakuchaguliwa kwenye drafti, mwaka 2004. Na usituletee habari ya mbio ndefu za Cruz kama kitu cha ajabu, Welker mwaka huohuo wiki ya kwanza kule Miami alikwenda yadi 99 kwa pasi moja. Rekodi ambayo haiwezi kuvunjwa, inaweza kufikiwa tu.

Kama tunaongea sloti, mfalme alikuwa Foxborough, nyumbani kwa Patriots. Cruz alikuwa na msimu mzuri, basi.

#7 Mbeba Yadi

Boston Mswahili, nilijua utakuja, nilikuachia mlango makusudi.

Tuzitumie namba zako mwenyewe. Welker 1,569 gawanya kwa 122 ni kama yadi 12.9 kwa kila pasi. Cruz 1,536 gawanya kwa 82 ni yadi 18.7. Jamaa kapungukiwa pasi arobaini lakini yadi kapungukiwa 33 tu. Yaani mpira ulipomfikia Cruz, madhara yalikuwa karibu nusu tena ya Welker.

Utasema ni zile mbio chache ndefu zinapandisha wastani. Haya, tuzitoe. Toa 74 ya Eagles, toa 68 ya Seattle, toa 99 ya Jets, toa 74 ya Dallas. Zinabaki pasi 78 na yadi 1,221, wastani zaidi ya 15.6. Nimemnyang'anya mbio zake nne na bado anampita Welker ambaye sijamnyang'anya kitu.

Welker simdharau. Alikuwa anafanya kazi ya sloti kama inavyofundishwa, na hakuna aliyeifanya vizuri kuliko yeye miaka ile. Lakini ile 99 yake ilikuwa kitu cha pembeni kwenye mchezo wake. Kwa Cruz mpira mrefu kutoka sloti ulikuwa desturi.

#8 Nairobi Usiku

Hiyo game ya Jets niliiona live! Ilikuwa Christmas Eve, huku kwetu saa tatu usiku, familia imeenda kwa kesha mimi nimebaki na laptop na stream inakwama kila dakika. Nilikuwa sijui rules hata moja. Lakini ile run nilisimama. Hebu eleza hiyo play vizuri, kwa sababu sikuwahi kuelewa vile ilianza.

#9 Mbeba Yadi

Ndugu wa Nairobi, hiyo nitaieleza polepole maana ndiyo kiini.

24 Desemba 2011. Giants wana ushindi saba na vipigo saba, wakifungwa wako kwenye hali mbaya mno. Jets wana nane kwa sita. Timu zote mbili zinatumia uwanja mmoja, lakini siku hiyo kwenye karatasi wenyeji ni Jets, na kocha wao Rex Ryan kaongea wiki nzima. Wakafunika kwa pazia jeusi mapambo ya Giants yanayoonyesha ubingwa wao pale ukumbini. Mambo ya mtaa kabisa.

Robo ya pili inakaribia kuisha. Jets 7, Giants 3. Giants wako yadi moja tu kutoka mstari wao wa goli, dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne), wanahitaji yadi kumi. Manning amesimama ndani ya eneo lake la hatari. Akiangushwa humo, pointi mbili kwa Jets na mpira wanapewa wao. Pasi isipodakwa, Giants wanaupiga mpira kwa mguu kutoka hapohapo na Jets wanaanza karibu na lango. Kila mtu uwanjani alikuwa tayari anawaza Jets watapata pointi ngapi kabla ya mapumziko.

Cruz yuko sloti upande wa kulia. Anakwenda moja kwa moja, anakata nje kuelekea mstari wa kulia. Manning anauachia. Cruz anaudaka kwenye yadi ya 11 hivi, yaani nafasi mpya wamepata, na kwa risiva wa sloti wa kawaida kazi imeisha hapo. Kyle Wilson yuko karibu, Antonio Cromartie anakuja kwa kasi kusaidia. Wote wawili wanamrukia.

Mtazame miguu yake kwenye video. Hakujaribu kuwazunguka. Alisimama, nusu sekunde, akapinda ndani ya nafasi kati yao, wao wakapishana naye, halafu akarudi mstari wa pembeni. Mabeki wawili wameondoka kwa hatua moja. Katikati ya uwanja sefti Eric Smith akajitupa, akapata hewa. Kuanzia hapo ni mbio za kijana wa Paterson mbele ya mashabiki wa timu zote mbili, nusu wanashangilia nusu wameshika vichwa.

Giants 10, Jets 7. Mechi ikaisha 29 kwa 14. Cruz alidaka pasi tatu tu siku hiyo, yadi 164. Na ndani ya pasi hizo tatu rekodi ya Toomer ikaanguka. Jets hawakushinda tena msimu ule, wakaishia nane kwa nane.

Sasa nirudi kwenye hoja. Cruz hakuwa na kasi ya kutisha. Wako wengi kwenye ligi waliokuwa wanamwacha kwenye mbio za mstari. Alichokuwa nacho ni kuujua uwanja kabla ya kuudaka mpira. Anageuka akiwa tayari anajua beki wa pili anatokea upande gani.

#10 Mzee wa Hesabu Kali

Nitakuwa mchawi kidogo. Sehemu kubwa ya msimu ule ni bahati. Arizona mnaikumbuka? Cruz alianguka mwenyewe bila kuguswa, akanyanyuka akauacha mpira chini kama mtu aliyesahau mzigo kituoni. Arizona wakauokota. Waamuzi wakasema alikuwa amejisalimisha, kwa hiyo mpira umekufa, na uamuzi wa namna hiyo haukaguliwi kwa video. Pigo lililofuata, yadi 29 kwa Hakeem Nicks, tachidauni. Giants wakashinda 31 kwa 27. Bila huruma ya waamuzi, mnalia.

#11 Mbeba Yadi

Mzee, Arizona ilikuwa zawadi, sipingi. Kanuni ipo, mchezaji akijitupa chini kwa hiari anahesabika amemaliza, lakini ukiniuliza kama Cruz alikuwa anaikumbuka kanuni hiyo wakati ule nitacheka tu.

Ila bahati ilikuja ikadai chake wiki iliyofuata. Seattle. Cruz yadi 161, moja ya pasi zake ni ile ya yadi 68 ambayo mpira uligongwagongwa hewani akauvuta kwa mkono akaondoka. Halafu mwishoni kabisa, Giants wako nyuma 29 kwa 25, wamefika mlangoni kwa Seattle, mpira unakuja kwake, anateleza, unamgonga mkononi unapaa. Brandon Browner akaudaka akaenda nao yadi 94 upande wa pili. Ikaisha 36 kwa 25. Ushindi uligeuka msiba kwa mkono uleule.

Kwa hiyo ukiweka bahati kwenye mizani, pande zote mbili zina uzito.

#12 Mama Touchdown

Kaka zangu, mnabishana juu ya mtu mmoja mnasahau timu. Naomba niongeze, maana mimi Giants ni ndoa ya pili.

Mwaka 2011 Giants walikuwa wa mwisho ligi nzima kwa kukimbiza mpira. Timu ya 32 kati ya 32, yadi 89 na kitu kwa mechi. Ulinzi nao ulikuwa chujio, walifungwa pointi 400 na wenyewe wakafunga 394. Timu iliyofungwa pointi nyingi kuliko ilizofunga ikawa bingwa, na ilikuwa mara ya kwanza. Timu ya namna hiyo kila wiki iko nyuma na kila wiki inalazimika kurusha. Manning alimaliza na yadi 4,933. Hizo yadi lazima ziende kwa mtu.

Na ziende kwa nani? Hakeem Nicks alikuwa nje, yadi 1,192, mikono kama beseni. Mabeki walikuwa wanampelekea sefti wa kumsaidia kona. Sefti akiegemea kwa Nicks, katikati panabaki Cruz na kona wa tatu. Kwa hiyo Cruz alikuwa mzuri, lakini alikuta meza imeandaliwa.

#13 Mbeba Yadi

Mama Touchdown, shikamoo. Hoja yako ni nzito kuliko zote humu na nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Bila Nicks, Cruz wa 2011 hayupo. Ila meza hiyohiyo iliandaliwa kwa wengine. Manningham alikuwepo. Stokley aliletwa kwa kazi hiyohiyo na alikuwa na uzoefu wa miaka zaidi ya kumi.

Na mtihani wa kweli ni pale wapinzani wameshakujua. Ikafika Januari mosi 2012, mechi ya mwisho, Giants na Dallas, mshindi anachukua kundi na aliyefungwa anakwenda nyumbani. Dallas wana video za msimu mzima. Wanajua namba 80, jezi ya Cruz msimu huo, ni nani. Dakika za mwanzo, hiyo yadi 74. Alimaliza na yadi 178, Giants 31 kwa 14.

Halafu mtoano. Wakawapiga Atlanta, wakaenda Green Bay kuwapiga mabingwa watetezi waliokuwa wamefungwa mara moja tu msimu wote, wakafika San Francisco kucheza fainali ya kanda. Hapo kuna kisa. Novemba 49ers waliwafunga Giants 27 kwa 20, na beki wao Carlos Rogers alipomnasa Manning mpira akacheza salsa kumkejeli Cruz. Januari 22 wakarudi uwanja uleule wa Candlestick, mvua inanyesha, nyasi utelezi, ulinzi wa 49ers ndio unaogopwa kuliko wote. Rogers yuko kwenye sloti na Cruz. Pasi kumi, yadi 142. Mvua ile wengine hawakuweza hata kusimama vizuri. Giants wakashinda 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza.

Yadi hizo 142 kwangu zina thamani kuliko zile 99. Hazina hata mbio moja ya kuweka kwenye matangazo, ni kusoma na kukata, kusoma na kukata, kipindi hadi kipindi, dhidi ya mtu aliyejiandaa kwa ajili yako.

#14 Msukuma wa Mjini

Mpaka naanza kumpenda mtu ambaye jana sikumjua. Fainali ikawaje?

#15 Mbeba Yadi

Fainali, Indianapolis, 5 Februari 2012, huku kwetu jioni, kwenu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Giants na Patriots. Yaani Cruz na Welker, sloti wawili waliomaliza wa pili na wa tatu kwa yadi ligi nzima, uwanja mmoja.

Robo ya kwanza Cruz anadaka karibu na lango, wanampokonya mpira, Patriots wanauokota. Mzee wa Hesabu Kali, hapa utafurahi: kitambaa cha njano cha waamuzi, ishara ya kosa, kiko chini, Patriots walikuwa na watu 12 uwanjani. Mpira ukarudi kwa Giants, muda mfupi baadaye Cruz akadaka pasi ya yadi mbili ndani ya eneo la goli. Salsa. Giants 9, Patriots 0.

Baada ya hapo Patriots wakaamua hawatafungwa na yeye. Wakampelekea watu kila alipokwenda. Alimaliza na pasi nne tu, yadi 25. Kwenye karatasi hiyo ni mechi mbovu. Lakini ulinzi una watu 11 tu (wakifuata sheria), ukimpelekea wawili mmoja, mahali fulani kuna mtu peke yake. Dakika nne na ushee zimebaki, Patriots wanaongoza 17 kwa 15, kwotabeki wao Brady anamrushia Welker aliyekuwa wazi, mpira ukamgusa mikono yote miwili ukaanguka. Wakatoa mpira. Pigo la kwanza la Giants, Manning akamkuta Manningham kando ya mstari wa kushoto, yadi 38. Wakaenda hadi ndani. 21 kwa 17.

#16 Boston Mswahili

Ile pasi ya Welker ilirushwa vibaya, ilikuwa nyuma ya bega. Brady ndiye wa kulaumiwa. Nimeyasema haya tangu siku ile na nitakufa nayo.

#17 Nairobi Usiku

Pole Boston 😂 lakini mikono ilikuwa imefika.

#18 Kiti cha Mbele

Mwenye uzi, baada ya hapo alikwenda wapi? Mbona jina lake halivumi kama la Edelman, yule wa sloti wa Patriots?

#19 Mbeba Yadi

Mwaka 2012 alithibitisha: pasi 86, yadi 1,092, tachidauni 10. Kwa hiyo anayesema ni mtu wa msimu mmoja hajafungua daftari. Lakini angalia wastani, ulishuka hadi chini ya 13. Ligi ilijifunza. Sefti wakaacha kumchukulia kama kibarua wa yadi sita, wakaanza kukaa juu yake. Ndiyo maana 2011 haikujirudia hata kwake mwenyewe.

Julai 2013 akasaini nyongeza ya miaka mitano ya dola milioni 43. Mchezaji ambaye miaka mitatu nyuma majina 255 yalisomwa lake likakosekana.

Kisha 12 Oktoba 2014, Philadelphia, jiji lilelile alikoanzia. Aliruka kudaka mpira ndani ya eneo la goli, akatua ameshika goti. Kano ya chini ya kifuniko cha goti ilikatika. Wachezaji wachache sana hurudi walivyokuwa baada ya jeraha lile, kwa sababu kazi ya sloti ni kusimama ghafla na kukata, na kano hiyo ndiyo inayobeba kusimama ghafla. Msimu wote wa 2015 hakucheza. 2016 akarudi, mechi ya kwanza kule Dallas akafunga tachidauni ya ushindi, 20 kwa 19, akacheza salsa yake. Lakini miguu haikuwa ile. Februari 2017 Giants wakamwachia.

Edelman alikuwa na Brady, mataji matatu na miaka mingi. Cruz kilele chake kilikuwa kifupi. Mimi sijaleta uzi wa nani alikuwa na maisha marefu ya mpira, nimeleta uzi wa msimu mmoja.

#20 Mama Touchdown

Kwa anayetaka kuanza kutazama, aanze na ile ya San Francisco, si ya Jets. Ya Jets inakufanya udhani mchezo ni rahisi.

#21 Mzee wa Hesabu Kali

Nakubali wastani wa 15.6 baada ya kutoa zile nne. Hiyo hesabu nimeirudia mwenyewe, iko sawa. Arizona bado mna deni.

#22 Boston Mswahili

Pasi 122. Usiku mwema.